Tunda Linalokaukia Mtini

Mpishi mzuri wa ubuyu huanza kazi kwa kukataa. Akifunguliwa gunia la mabuyu sokoni, hatazami ukubwa. Hushika buyu mojamoja, akalipima uzito kiganjani, akaligonga kwa kidole, akaligeuza kutafuta ufa au tundu la mdudu. Ganda la buyu ni gumu, halipasuki mpaka lipigwe jiwe au mgongo wa panga, na likiwa zima kilichomo hukaa miezi bila kuharibika. Likiwa na ufa, hata mwembamba, hewa ya pwani yenye unyevu imekwishaingia, na unga uliokuwa mweupe umeanza kupiga wekundu wa kutu. Unga huo una ladha ya ghala. Sukari haitaificha, hiliki haitaificha, na mpishi anayejiheshimu hatajaribu.

Matunda mengi tunayotaka kuyaweka akiba hutulazimu kuyakausha wenyewe. Embe hukatwa vipande na kuanikwa, ndizi humenywa na kuanikwa, na mtu hukesha na wasiwasi wa mvua na nzi. Buyu hukaukia mtini. Linaning'inia kwenye kikonyo chake kirefu, jua linalipiga, na maji ya nyama yake yanakwisha taratibu ndani ya ganda lililofungwa. Siku linapoanguka, ndani hamna nyama tena. Mna madonge meupe, makavu, mepesi, yanayovunjika kwa kidole na kuwa unga. Kila donge limeikumbatia mbegu moja ngumu, na kati ya madonge zimepita nyuzi nyekundu zinazoyashikilia kwenye ganda. Kazi ya kukausha, ambayo kwa kawaida ndiyo nusu ya jasho la kuhifadhi chakula, mti umekwishaimaliza. Linalobaki kwa binadamu ni kuamua arudishe maji kiasi gani. Mapishi yote ya mbuyu ninayoyajua, kuanzia ubuyu mwekundu wa watoto hadi mlenda wa Dodoma, ni majibu tofauti ya swali hilo, na ufundi wa mtu huonekana hapo.

Mti wenyewe una majina makubwa. Wataalamu wa mimea huuita Adansonia digitata, kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza Senegal katikati ya karne ya 18. Karne nne kabla yake, Ibn Battuta akiwa njiani kwenda Mali aliandika habari za miti minene yenye uvungu, inayoaminiwa kuwa mibuyu, na ndani ya mmoja alimkuta mfumaji ameweka kitanda chake cha mfumi, anafuma. Kwetu mbuyu umeenea Kilifi na Kwale, Unguja na Pemba, ukaingia bara hadi Makueni na Kitui, Dodoma, Singida, na bonde la Ruaha ambako mji mzima wa barabara ya Iringa na Morogoro unaitwa Ruaha Mbuyuni. Hata ng'ambo ya bahari, katika Wadi Hinna karibu na Mirbat huko Dhofar, Oman, lipo kundi la mibuyu kwenye mteremko wa mlima.

Ua lake hufunguka jioni. Ni jeupe, kubwa, limetazama chini, na harufu yake ni nzito kiasi kwamba wengi hawaipendi. Popo wanaipenda. Huja usiku kunywa maji matamu ya ua, wakatoka na chavua manyoyani, na kesho yake ua limeanza kunyauka. Kwa hiyo mabuyu ya msimu mzima hutegemea ziara za usiku ambazo hakuna mtu anayezisimamia. Labda ndiyo maana hakuna mibuyu miwili yenye ladha moja. Wakazi wa vijiji vya mibuyu huijua miti yao mmojammoja: huu mtamu, ule mkali, ule mwingine mabuyu yake makubwa lakini yamejaa nyuzi. Elimu hiyo haifiki sokoni, kwa sababu gunia huchanganya miti kumi. Ndipo mpishi anapolazimika kuonja kila buyu analolipasua, na kuyatenga makali na matamu ili ayachanganye mwenyewe kwa kiasi anachokitaka.

Kuangua mabuyu ni kazi ya watu wasioogopa kimo. Wapo wanaongoja yaanguke, wapo wanaorusha rungu, lakini anayetaka gunia kwa siku moja hupanda. Mbuyu haukumbatiki kama mnazi. Shina lake laweza kuhitaji watu kumi na zaidi walioshikana mikono. Hupigiliwa vigingi vya mti mgumu kwenye shina, kimoja juu ya kingine, na ngazi hiyo hubaki kwa wapandaji wa baadaye. Mti hauoni taabu. Gome lake hata likichunwa kwa ajili ya kamba huota upya, jambo ambalo miti mingi haiwezi.

Baada ya kupasua huja kuchambua, na hapa haraka humwumbua mtu. Nyuzi nyekundu lazima zitoke zote, maana uzi mmoja uliobaki utamkwama mlaji kwenye meno na atamkumbuka mpishi kwa ubaya. Halafu madonge yaachanishwe hadi mbegu mojamoja, bila kuzivua unga wake. Mwanafunzi hutia kinuni na kutwanga. Anapata unga upande mmoja na mbegu tupu upande wa pili, na ubuyu wa kulamba umemponyoka. Fundi hutumia vidole na ungo. Hutikisa, huviringisha madonge kwa kiganja, hutikisa tena, mpaka kila mbegu isimame peke yake ikiwa imevaa unga mnene pande zote. Kisha huchekecha ili vumbi lililolegea lidondoke. Vumbi hilo halitupwi, lina kazi yake, lakini halitakiwi sufuriani: litakunywa shira kabla ya mbegu na kugeuka tope.

Shira ndiyo moyo wa ubuyu wa pwani. Huanza na sukari na maji katika sufuria pana, moto wa wastani. Kila mpishi atakwambia ana kipimo cha siri alichorithi kwa bibi yake, nami huitikia kwa adabu, lakini siri ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Sukari huyazidi maji, kwa sababu maji hayo yote itabidi yaondoke tena kwa mvuke. Rangi huingia mapema ili ienee. Chumvi ni chembe tu, na pilipili ya unga kwa kadiri ya ujasiri wa wateja. Hiliki na arki ya vanila hungoja hadi mwisho kabisa, maana harufu zao hupanda na mvuke na kuishia darini kwa jirani.

Halafu ni kungoja. Mwanzoni mapovu ni makubwa na mepesi, yanapanda na kupasuka papo hapo. Hayo ni maji yanayotoka. Kadiri shira inavyoiva mapovu huwa madogo, mazito, yanachelewa kupasuka, na sauti ya sufuria hushuka. Mpishi huinua mwiko na kuangalia tone la mwisho linavyodondoka. Huchukua tone jingine, akalipoza, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada na kuvitenganisha: ukitoka uzi unaokatika upesi, bado, uzi ukivutika, shira imefika. Kipimajoto kingesoma zaidi kidogo ya nyuzi 110 za selsiasi. Sijawahi kukiona kipimajoto katika jiko la ubuyu, na wala hakihitajiki.

Sasa ndipo tatizo la kweli linapoanza, na ndipo kazi hii ilipoanza kunistaajabisha nilipoielewa. Ubuyu ni mchachu kwa sababu umejaa asidi, ikiwemo ile ile iliyomo kwenye ndimu. Asidi ikikutana na shira inayochemka huivunja sukari kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haugandi kuwa chembe. Hubaki wa kunata. Jambo hili wapishi wetu wanalijua bila kulisoma: anayetaka shira ya kaimati isigande huikamulia ndimu. Mpishi wa ubuyu anataka kinyume chake. Anataka sukari igande, ikauke, ivae mbegu kama ganda jipya, na wakati huohuo analazimika kumwaga ndani ya sufuria kitu chenye uchachu unaoikataza kuganda. Tena unga wa ubuyu una pektini nyingi, ile inayoipa jemu uzito wake. Ukipewa maji na moto wa muda mrefu huvimba na kuwa ujiuji.

Jawabu lake ni kasi. Shira ikishafika, sufuria huepuliwa kwanza. Hiliki na arki hutiwa. Ubuyu humiminwa wote kwa mkupuo, na mwiko huanza kutoka chini kwenda juu, kwa mkono mzito lakini usioponda. Maji yaliyobaki kwenye shira ni machache mno kuweza kuulowesha unga, na joto linashuka kabla asidi haijafanya uharibifu. Kwa dakika za mwanzo sufuria ni matope mekundu, na mtu anayetazama kwa mara ya kwanza atadhani kazi imeharibika. Mwiko unakuwa mzito. Unazidi kuwa mzito. Kisha, bila onyo, unakuwa mwepesi: sukari imeganda juu ya kila mbegu, mbegu zimeachana, na sufuria inatoa sauti ya changarawe. Wekundu uliokuwa unang'aa unafifia na kupata ukungu mweupe. Ubuyu humwagwa kwenye sinia, na mpishi huupitisha vidole ukiwa bado wa moto kutenganisha zile zilizong'ang'aniana. Vidole vyake vimezoea.

Kosa la kuwahi na kosa la kuchelewa huonekana waziwazi kwenye sinia. Aliyewahi kutia ubuyu, shira ikiwa bado na maji, atapata donge moja linalong'aa ambalo halitaachana hata kesho. Aliyechelewa ataona sukari imeganda kabla haijapanda juu ya mbegu. Iko chini ya sufuria kama mchanga, na ubuyu wenyewe umebaki karibu uchi.

Lakini si kila ubuyu unaonata ni ubuyu ulioharibika, na hapa mashabiki hugawanyika kama wa mpira. Wapo wapendao ubuyu laini, wa majimaji, unaolambwa vidoleni, wenye viungo vingi. Mpishi wake hufanya kwa makusudi kile ambacho mwenzake anakikwepa: huurudisha ubuyu motoni, taratibu, akaiacha asidi ivunje sukari na pektini ivimbe kidogo, hadi shira igeuke mchuzi mzito usioganda. Kuupika mpaka ulainike bila kuvuliwa unga wote ni kazi nyingine kabisa, nami nimekula iliyofanywa vizuri na kunyamaza. Hata hivyo, nikipewa nafasi ya kuchagua, ni mkavu. Katika ubuyu mkavu utamu unatangulia, unakwisha, ndipo uchachu unaingia peke yake ukiwa na nguvu zake zote, na pilipili inafika mwisho kooni. Katika ubuyu laini vyote vinakuja pamoja.

Juu ya rangi sina subira. Rangi nyekundu haina ladha, na ubuyu usiotiwa rangi una weupe wa maziwa uliochafuka kidogo, ambao mimi nauona mzuri. Lakini mwambie hayo mtoto wa shule anayetaka ulimi mwekundu wa kuwaonyesha wenzake. Wapishi wameshinda ubishi huu zamani.

Lile vumbi lililochekechwa huenda kwenye juisi. Hapa swali la maji linajibiwa kwa upande wa pili, kwa ukarimu, na bado kuna mahali pa kukosea. Maji yakiwa ya moto sana pektini hutoka kwa wingi na juisi inakuwa nzito ya kubandika. Yakiwa baridi sana unga hukaa vibonge. Maji ya uvuguvugu, mkono safi wa kuvuruga, muda wa kutulia, kisha chujio la kitambaa. Kinachotoka ni kinywaji cheupe kizito kidogo, na baada ya kuwekewa sukari na barafu hakina mpinzani mchana wa Januari Dar es Salaam. Vitamini C, ambayo ubuyu unayo kwa wingi kuliko chungwa uzito kwa uzito, huponea humu kwa kuwa hakuna kuchemsha. Kwenye ubuyu wa shira sehemu yake imekufa kwa moto, na anayeuza kopo la ubuyu mwekundu akiusifia kwa afya anasema nusu ya habari. Meno yana upande wao wa habari hiyo.

Bara, mbuyu ni chakula cha mezani. Katika Tanzania ya kati majani machanga huchumwa mvua zinapoanza, huanikwa, hutwangwa kuwa unga, na unga huo ndio mlenda wa miezi ambayo shamba halina kitu cha kijani. Wanaojua huanika kivulini, na sayansi iko upande wao: jua kali huharibu sehemu kubwa ya kirutubisho ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Unga wa jani ukiingia kwenye maji ya moto huyashika yasikimbie, mchuzi unavutika, na tonge la ugali wa uwele linateremka bila kulazimishwa. Wahausa hufanya hivyohivyo na unga wao wa kuka, maelfu ya kilomita magharibi, na Wasenegali huchanganya unga wa majani hayo na uwele katika chakula cha kila siku. Sudani, tunda huloweshwa kuwa kinywaji, na huko Kordofan watu walichimba uvungu ndani ya mashina mazima na kuyajaza maji ya mvua kwa ajili ya kiangazi. Hao walilipeleka swali la maji hadi kwenye mti wenyewe.

Lakini ninaowastahi kuliko wote ni akina mama wa Kihadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kwa sababu hawatupi mbegu. Sisi wa pwani hulamba unga, tukatema mbegu, tukasahau kwamba ndani ya lile ganda jeusi gumu mna kiini chenye mafuta na protini. Wahadzabe hutwanga unga na mbegu pamoja juu ya jiwe, hupepeta maganda, na unga unaobaki huchanganywa na maji kuwa chakula kizima: uchachu wa tunda, mafuta ya kiini, na shibe. Kwao buyu ni moja ya nguzo za chakula pamoja na asali, nyama, mizizi na matunda madogo ya porini. Jiwe, mkono na maji kidogo, jiko halihitajiki.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula kipya. Kipya kwao. Tangu hapo unga mweupe umekuwa ukisafiri katika pakiti nadhifu hadi madukani London, unakorogwa kwenye maziwa ya asubuhi, na sioni ubaya, ikiwa aliyeokota buyu Kilifi au Singida analipwa vizuri. Ubaya niliuona mwaka 2022, mibuyu mizima ilipong'olewa Kilifi ili isafirishwe Georgia kuwa pambo la bustani, hadi Novemba Rais William Ruto alipoagiza uchunguzi. Mti ambao kijiji kiliujua kwa ladha yake ulikuwa umefungwa kamba kwenye trela.

Kuurudishia kijiji mbuyu si rahisi, kwa sababu mbegu yake haioti kirahisi. Ganda lake gumu hukataa maji, na porini hungoja kupita tumboni mwa tembo au nyani ndipo lilegee. Mbegu iliyopita kwenye shira ya moto usiitegemee. Anayetaka kupanda hutenga zake kabla ya jiko kuwashwa, huzikwaruza upande mmoja kwa tupa au huzimwagia maji ya moto na kuziacha zilowe hadi siku ya pili, ndipo anazifukia. Mche unaotoka hauna dalili ya mbuyu: kijiti chembamba chenye majani mazimazima, yasiyogawanyika kama vidole vya mti mkubwa, na wengi huung'oa kwa kudhani ni gugu. Mbuzi nao huupenda, na ndiyo sababu moja ya sehemu nyingi kuwa na mibuyu mizee bila michanga. Kwa hiyo huzungushiwa matawi ya miiba kwa miaka kadhaa, na aliyeuzungushia hutazamia kwamba ladha ya mabuyu yake wataijua wajukuu.